Kitanda cha Fundi Springi

Kuna watu wanaumwa kimya kimya, unakuja kusikia wameshapona. Fundi Springi hakuwa mtu wa hivyo. Yeye aliumwa kama anaoa. Chumba kilijaa, viti viliazimwa kwa jirani, waliokosa viti waliegemea kabati, na yeye katikati, juu ya kitanda, kavaa fulana safi, anapokea wageni.

Alivyoumia ni ujinga mtupu, kwa hiyo tuumalize haraka. Springi ni fundi wa makochi na magodoro. Siku moja alikuja mteja kuchukua kochi la watu watatu, kaja na binti zake wawili wakubwa, na Springi akaona aibu kuita mtu amshikie upande wa pili. Akalibeba peke yake. Katikati ya ngazi mgongo ukasema mimi basi. Kochi lilifika chini kabla yake.

Hospitali walimpiga picha, wakampa vidonge, na daktari akamwambia neno moja: "Pumzika." Halafu akaita anayefuata. Hakusema apumzike vipi wala mpaka lini. Neno kama hilo ukimpa mtu mwenye akili zake atajilaza siku chache, atainuka. Ukiipa familia hii, umewasha kiberiti ndani ya stoo ya sponji.

Aliyeshika usukani alikuwa Shangazi. Huyu ni dada wa marehemu baba yake Springi, mwanamke ambaye nyumbani kwake hata paka hamsikilizi, kwa hiyo popote penye mgonjwa anawahi kufika. Shangazi ndiye aliyepiga marufuku Springi kushuka kitandani. Shangazi ndiye aliyehamishia televisheni chumbani. Chakula kilimfuata hukohuko, maji ya kunawa hukohuko, mpaka kinyozi aliitwa akamnyoa hukohuko, nywele zikaingia kwenye shuka. Akitaka kwenda msalani watu wawili wanamkamata huku na huku kama mwizi wa kuku.

"Taratibu mwanangu, taratibu," Shangazi anasema. "Usijikaze. Mgongo ndo nguzo ya nyumba."

"Nguzo yenyewe imelala," mke wa Springi akajibu kutoka mlangoni, ndoo mkononi. Yeye ndiye aliyekuwa anaamka kwenda kazini, anarudi, anapikia wageni wa mgonjwa, halafu anaosha vyombo vya wageni wa mgonjwa.

"Mkwe, una mdomo."

"Nina na mgongo pia, Shangazi. Ila wangu haujapata mgeni hata mmoja."

Miezi ikaenda. Kidonda cha ndani kilishapona zamani, maumivu yakabaki. Watu wengi hawaelewi hili, na wasioelewa ndio wanaopenda kutoa ushauri. Maumivu yakikaa sana yanageuka kama mlinzi aliyeogopeshwa mara moja: sasa hata jani likidondoka anapiga firimbi. Na Springi alimlisha mlinzi wake vizuri. Mchana alisinzia vipande vipande mbele ya televisheni, usiku akakodoa macho. Asipolala, mwili unakaza. Ukikaza, unauma. Ukiuma, halali. Kwenye gurudumu hilo alizunguka huku ndugu zake wakimpigia makofi.

Sasa fundi magodoro akikosa usingizi atalaumu nini? Godoro. Angekuwa fundi viatu angebadilisha viatu. Aliagiza sponji ngumu kutoka karakana. Kesho yake akasema ngumu mno, ikaletwa laini ikawekwa juu. Baadaye akagundua, kwa maneno yake, kwamba sponji "haipumui", ikaja safu ya springi ikaingia katikati. Kaka yake akaleta ubao wa kuweka chini. Hakuna mtu aliyetoa kitu. Kila mtu aliongeza, kwa sababu ndugu hawa dawa yao kwa kila kitu ni kuongeza. Kitanda kikapanda, kikapanda, mpaka Springi akawa anakikwea kwa stuli, na akilala yuko karibu na taa kuliko na mkewe. Mkewe alivumilia hadi siku alipoteleza ukingoni akaangukia beseni. Hapo alichukua mto wake akahamia chumba cha watoto.

Unadhani kuna aliyejiuliza? Shangazi alisema ni vizuri, mgonjwa apate nafasi.

Kaka yake ndiye mwenye sauti pale karakana. Ni mtu mzito, mwenye tabia ya kukusikiliza akiwa anasoma simu. Siku moja alikuja kumwona mgonjwa, akakaa kwenye kiti cha kuazima, akakohoa kama anayetaka kutoa hotuba.

"Mdogo wangu, tumepata kazi ya ukumbi."

"Ukumbi upi?"

"Ule mkubwa wa mikutano. Viti vyote. Kubandua, kuweka sponji mpya, kushona. Kazi ya muda mrefu."

Springi akainua kichwa kutoka kwenye mito yake. "Mimi nashona."

"Utashonea wapi, hapo juu? Bosi kakaa kwenye cherehani yako."

Bosi ni mtoto wa Shangazi. Si bosi wa kitu chochote. Aliitwa hivyo kwa namna anavyokaa, miguu mbele, mikono nyuma ya kichwa, anasubiri dunia imletee chai. Sisemi Shangazi alipanga kumlaza Springi ili mwanawe apate kiti. Kupanga kunahitaji akili. Ilitokea tu, na ilipotokea hakuna aliyeona vibaya.

"Amekaa kwa muda tu, si ndiyo?" Springi akauliza.

"Kazi ya ukumbi ikianza na we bado uko hapo, basi atakaa moja kwa moja. Siwezi kuacha cherehani inamsubiri mtu aliyelala. Na we ukipona, utakuwa unakuja kutusalimia."

Kutusalimia! Mtu aliyeshona tangu hajaota ndevu, mtu asiyejua kitu kingine duniani, anaahidiwa kwamba ataruhusiwa kuja kusalimia. Springi aligeukia ukutani. Shangazi akamwambia Kaka amemchosha mgonjwa.

Aliyefanya kitu ni mke wake, kama kawaida. Hakuitisha kikao. Alimvalisha shati, akamtoa nje, akampeleka kliniki. Pale mwenye kunyoosha viungo alimpima, akamwinamisha, akamgeuza, akasema mgongo wenyewe una nguvu kuliko mwenye mgongo anavyoamini, na kwamba kabla ya mazoezi amwone dada wa chumba cha mwisho. Dada wa chumba cha mwisho alikuwa mtaalamu wa saikolojia.

Mkewe akafanya kosa la kulitaja hilo nyumbani. Lo!

"Mgongo unauma, wanampima kichwa!" Shangazi akapiga kofi la mshangao. "Jamani, ukoo wetu umeshafika huko? Daktari wa vichaa?"

"Hakuna aliyesema kichaa," mkewe akasema.

"Watu watasema."

"Watu gani? Watu wote mmekaa humu ndani."

Springi alikwenda, ila alikwenda na kinyongo. Chumba kilikuwa kidogo: meza, viti viwili, feni inayolalamika, na ukutani picha ya ziwa ambayo mtu aliipigilia upande. Mtaalamu alikuwa dada mwembamba, mwenye sauti ya mtu aliyerudia maneno yaleyale tangu asubuhi. Akamuuliza analalaje.

Springi akampa mhadhara. Sponji ngumu na sponji laini, springi na waya wake, ubao, joto, unyevu. Alieleza kwa mikono. Yule dada alimwacha mpaka akaishiwa pumzi.

"Fundi, godoro nimelielewa," akasema. "Sasa niambie wewe. Ukiwa kitandani unafanya nini?"

"Nalala."

"Si umesema hulali?"

"Nalala... yaani nimelala, ila silali."

"Na kula?"

"Nakula hukohuko."

"Televisheni?"

"Iko hukohuko."

"Wageni?"

Springi akaitazama feni. "Wanakaa kwenye viti," akasema, kana kwamba hiyo inasaidia.

"Kwa hiyo mwili wako unajua kitanda ni mgahawa, ukumbi wa sinema, na baraza la ukoo. Usiku ukiuambia sasa hapa ni pa kulala, utakuamini vipi?"

Hapo Springi alivimba. Alitoa lile swali ambalo kila mgonjwa wa namna yake analo mfukoni. "Kwa hiyo unasema haya maumivu nayatunga?"

"Hapana. Yanauma kweli. Mwili wako umekaa macho kwa hofu, na mwili wenye hofu unauma zaidi na haulali. Hapo ndipo tunaanzia. Siwezi kukuahidi kwamba yataisha. Nakuahidi kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida mno, ndiyo maana ilimkera. Kitanda kiwe cha kulala tu. Usingizi usipokuja, ashuke, akae mahali pengine kwenye mwanga hafifu, arudi ukimjia. Asubuhi aamke saa ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa wa mateso. Mchana asilale. Akamfundisha kukaza misuli na kuiachia, kuanzia miguuni kwenda juu, na kutoa pumzi polepole kama anayepoza chai. Na shughuli azipime: aache kabla mgongo haujamwamuru, apumzike kidogo, arudi. Si kufanya kila kitu siku anayojisikia vizuri halafu kulipia wiki nzima.

"Mwanzoni utaona kama nimekuharibu," yule dada akamwambia. "Utakuwa na usingizi mchana, utanilaani. Vumilia, na uje uniambie."

Springi alitoka pale akamwambia mkewe: "Nimekuja na mgongo, ananifundisha kupumua. Nimepumua maisha yangu yote bila mwalimu."

"Na umefika wapi?" mkewe akamuuliza.

Alijaribu, nusunusu, kama mtoto anayeoga kwa kulowesha uso. Alishuka kitandani usiku, akakaa sebuleni, mchana kichwa kikawa kizito kama gunia la misumari. Akasinzia kwenye kiti. Na hapo ndipo Shangazi alipomkuta, kidevu kifuani.

Ungesikia kelele. Ungedhani kakuta maiti. Aliita majirani wawili, wakamnyanyua Springi, wakamrudisha juu ya ule mnara wake, wakamfunika, wakamwashia televisheni. Kazi ya usiku mzima ikaoshwa kwa dakika chache za huruma. Na Springi, sikilizeni, hakukataa. Alijilegeza. Mtu mwenye mikono na miguu alibebwa na wanawake wawili na shangazi yake, akasema "asante".

Hili ndilo linalonichefua kuliko yote. Tunapenda kusema ugonjwa ni adui. Uongo. Kuna nyumba ambamo mgonjwa ndiye burudani. Akipona, Shangazi atakwenda wapi? Watu watakutana kwa kisingizio gani? Na mgonjwa mwenyewe, ukimtoa kitandani, ni nani atamuuliza kaamkaje? Mtu anaweza kuyachukia maumivu yake kwa moyo wote na bado akayaogopea yasije yakaondoka na viti vya wageni.

Mkewe aliporudi kutoka kazini akasimuliwa. Hakupiga kelele. Aliwaaga wageni, mmoja mmoja, kwa heshima, na viti vya watu akavirudisha mwenyewe. Televisheni akaihamisha. Halafu akaanza kuvua kitanda, safu moja baada ya nyingine, akizitupia uani, sponji, springi, ubao, mpaka likabaki godoro moja la kawaida, lile waliloanza nalo maisha.

"We mwanamke, unafanya nini?" Springi akauliza, kashikilia mlango.

"Nakushusha."

"Mgongo wangu..."

"Mgongo wako naujua. Nimeukanda. Sasa nisikilize, baba. Kuanzia kesho mlango wa chumba hiki nitaufunga nikitoka, ufunguo naondoka nao. Ukitaka kukaa, viti viko sebuleni. Ukitaka kulala, nikirudi, usiku, kama watu."

"Na nikizidiwa?"

"Simu unayo. Nipigie, nitakuja mwenyewe. Lakini cherehani yako kaikalia Bosi, na mimi sikuolewa na mtu wa kusalimia karakana."

Siku ya kwanza Shangazi alipofika, alikwenda moja kwa moja chumbani, akausukuma mlango, haukufunguka. Akarudi sebuleni, akamkuta mtu kasimama kando ya meza anamenya vitunguu.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza.

"Ndo mimi, Shangazi."

"Umesimama!"

"Nikikaa sana panakaza. Nikisimama sana panachoma. Nabadilisha."

"Na chumba kimefungwa kwa nini?"

"Muulize mkwe wako."

Shangazi alikaa, akaangalia huku na huku, hakuona televisheni ikiwaka, hakuona mgeni mwingine wa kuteta naye, akapewa kisu na vitunguu vilivyobaki. Alimenya kimoja. Akakumbuka ana safari.

Siku zile zilikuwa mbaya, nisimpambe mtu. Springi alizunguka nyumba kama aliyepoteza funguo. Alimtukana yule dada wa kliniki, alimtukana mkewe, alikitukana kitasa. Lakini alirudi kliniki na kusema alivyoshindwa, na yule dada hakumsifu wala hakumsikitikia, alirekebisha. Kutembea kuzunguka nyumba, kisha mtaa, kisha mpaka dukani. Pumzi. Misuli. Kuamka saa ileile. Kidogo kidogo usingizi ukaanza kumkamata jioni kama mdai, hauulizi. Maumivu yalikuwepo. Yalipungua makali, hayakuhama. Ila mtu aliyelala huyabeba tofauti na mtu asiyelala. Mkewe alirudi na mto wake.

Kazi ya ukumbi ikaanza. Springi akaenda karakana.

Sasa tazama watu. Alipokuwa kalala, walimlilia. Alipoingia kwa miguu yake, wakamtazama kama mwizi. Viti vya ukumbi vilipangwa mpaka barabarani, vumbi la sponji hewani, Bosi kwenye cherehani, miguu mbele. Kaka akaweka simu chini, jambo la nadra.

"Umepona?"

"Sijapona. Naumwa, ila nafanya kazi."

"Hiyo ndo lugha gani? Kama unaumwa, lala. Kama huumwi, basi ulikuwa unatuzungusha miezi yote."

"Naumwa, Kaka. Na nafanya kazi."

Bosi akacheka. "Mgonjwa wa kutembea!"

"Haya," Kaka akasema, akinyoosha kidole kwenye kochi lililokuwa kando, kubwa, la watu watatu. "Kama wewe mzima, beba lile ulipeleke nyuma. Peke yako. Tukuone. Ukilibeba, Bosi anakupisha sasa hivi."

Huu ulikuwa mtego uliokatwa kwa vipimo vyake. Springi wa zamani angekwisha kuinama, kwa sababu Springi wa zamani hakuwahi kukataa kuonekana. Na siku ile mgongo ulikuwa umetulia, angeweza. Angelibeba, angepigiwa makofi, angekalia cherehani yake, na kesho angerudi juu ya mito. Alilitazama kochi. Akatoa pumzi polepole, mdomo umebana kidogo. Bosi akacheka zaidi.

"Sibebi," Springi akasema.

"Basi huwezi kazi."

"Kochi la watu watatu linabebwa na watu wawili. Hata wakiwa hawaumwi. Nipe kazi nyingine."

Kaka akamtupia bisibisi na koleo. "Kaa kule mwisho. Ng'oa pini."

Kung'oa pini ni kazi wanayopewa waliokuja jana. Unakaa na kiti kizee, unachokonoa pini zilizoshika kitambaa cha zamani, moja moja, vidole vinachubuka, hakuna anayekuona. Fundi mwenye jina akakaa kule mwisho akang'oa pini. Akichoka anasimama, anazunguka karakana, anarudi. Wakamwimbia kila alipozunguka: mgonjwa wa kutembea, mgonjwa wa kutembea. Hakujibu. Sijui kama ni busara au alikuwa anahesabu pumzi. Jioni alikwenda nyumbani akalala.

Asubuhi aliamka saa yake, kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa kliniki, akafika karakana kabla ya watu wote. Ufunguo alikwenda kuuomba nyumbani kwa Kaka, mara ya kwanza akapewa kwa shida, mara ya pili akaachiwa. Ikawa yeye ndiye anayefungua. Bosi, ambaye hakuwa na maumivu popote, alikuwa akikesha na simu na kufika jua limeshapanda, macho mekundu, akisema njia ilikuwa mbaya. Njia yenyewe ni ya kuvuka barabara.

Siku moja wenye ukumbi wakaja mapema bila taarifa, lori nje, wanataka viti vya safu za mbele siku hiyohiyo kwa sababu mkutano wao umesogezwa. Hakuna mtu karakana ila Springi. Vitambaa vimekatwa, havijashonwa. Kaka alipofika mbio, shati halijafungwa vifungo, alikuta mdogo wake ameshakaa kwenye cherehani, rundo upande huu, rundo upande ule, na watu wa lori wanapakia.

Bosi akafika baadaye. Akasimama nyuma ya kiti, akakohoa.

"Hapo ni pangu," akasema.

Kaka hakumwangalia. "Bosi, kang'oe pini."

Samahani hakuna aliyeomba, msisubiri. Kaka alirudi kwenye simu yake. Ndugu hawa hawaombi samahani. Wanahamisha watu viti, basi.

Shangazi alikuja kabla lori halijajaa, kasikia habari. Alimkuta mwanawe kule mwisho na koleo, akachagua upande haraka kama anavyochagua siku zote. Akasimama katikati ya karakana, kanga mabegani, akawaambia watu wa lori waliokuwa hawajamuuliza kitu:

"Mnamwona huyu? Mimi ndo nilimuuguza. Hakugusa chini miezi na miezi. Nilisema toka mwanzo, apumzike, asijikaze, atapona. Wengine walitaka kumpeleka kwa madaktari wa vichaa! Mapumziko yangu ndo yamemponya. Si kweli, mwanangu?"

Springi alizima cherehani. Kiuno kilikuwa kimeanza kuchoma upande wa kushoto na alikuwa hajamaliza rundo. Akasimama, akashika kiuno, akampita Shangazi, akaanza kuzunguka karakana taratibu akipoza chai isiyokuwepo, mpaka watu wa lori wakarudi kupakia viti na Shangazi akaishiwa watu wa kuwahutubia.